Aibu ya Ghorofa ya Tatu

Wakili wa Serikali Gwamaka Mwambene aliinua mkono, na kioo kikubwa cha ukutani kikawaka. Mstari mwekundu ulionekana umelala kimya kutoka upande mmoja wa kioo. Mahali pamoja uliruka juu ghafla, karibu utoke nje ya kioo, kisha ukashuka taratibu na kulala tena.

"Daktari Kihwele," alisema, "ieleze mahakama tunaangalia nini."

Blandina Kihwele alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi.

"Mheshimiwa Jaji, huu ni ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mshtakiwa. Ukucha hukua polepole, tabaka baada ya tabaka. Mtu akipatwa na hofu kubwa, au hasira, au aibu, damu yake hubadilika, na alama ya badiliko hilo hubaki kwenye tabaka la siku ile. Mashine yetu huyasoma matabaka hayo siku kwa siku, na kila hisia ina alama yake."

"Na hapo mstari uliporuka?"

"Ni usiku aliouawa marehemu."

"Ni hofu, hasira au aibu?"

"Aibu," alisema Blandina. "Kubwa sana. Ni mara chache maabara yetu imeona iliyofika kiwango hicho."

Mwambene aliwaacha watu wautazame ule mstari. Alijua kunyamaza kwa wakati wake. "Daktari, matokeo haya yanalingana na mtu aliyetoka kumuua jirani yake?"

"Yanalingana."

Mguno ulipita ukumbini. Kwenye benchi la mbele, Bi. Editha Mgaya, mama wa marehemu, alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Kizimbani upande wa pili, Obadia Kalinga, fundi wa betri za jua, hakuinua kichwa. Tangu kesi ianze hakuwa amemtazama mtu yeyote, na watu walikuwa wameshalisema hilo sana mitaani.

Ushahidi mwingine ulikuwa haba. Perpetua Mgaya, muuguzi, alikutwa amechomwa kisu chumbani kwake, ghorofa ya tatu ya moja ya yale majengo yaliyoinuliwa harakaharaka mjini Kitonga Mpya, joto la bondeni lilipozidi na watu wakapanda milimani kwa maelfu. Kisu hakikupatikana. Kamera za korido zilikuwa zimezibwa na ukungu, jambo la kawaida kule juu. Majirani wote waliwaambia polisi kuwa walikuwa wamelala na hawakusikia kitu. Kilichobaki ni alama ya kiganja cha Obadia kwenye mlango wa marehemu, upande wa nje, na ukucha.

Wakili wa utetezi, Shamsa Litunu, aliuliza kama sampuli ingeweza kuchanganywa na ya mtu mwingine. Blandina alisema haiwezekani. Akauliza kama mashine ingeweza kukosea tarehe. Blandina alisema inaweza kukosea kwa siku moja, si zaidi. Wakili akakaa.

Ndipo Jaji Sinani Chamshama, mzee mwenye sauti ndogo, alipovua miwani. "Shahidi, kabla sijakuruhusu ushuke. Lipo jambo lolote kuhusu kipimo hiki ambalo hukuulizwa, na ambalo ungependa mahakama ilijue?"

Lilikuwepo. Mashine ilijua kuwa mtu ameona aibu, haikujua ameona aibu ya nini. Mtu aliyefumaniwa usiku ule, mtu aliyejikojolea kwa ulevi, mtu aliyempiga mama yake, wote mstari wao ungeruka vilevile. Kila aliyefanya kazi maabara alilijua hilo, na jioni wakinywa chai walilitania. Lakini mahakamani hakuna aliyewahi kuuliza, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza, Blandina alikuwa amezoea kujibu aliloulizwa na kurudi ofisini.

Alimtazama yule mama aliyejifunika kitenge. Mama alikuwa amekifunua sasa, na alikuwa akimwangalia kwa shukrani.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Blandina. "Halipo."

*

Utetezi ulipoanza kesho yake, Obadia aliomba kusema mwenyewe. Wakili wake alijaribu kumshika mkono. Akautoa taratibu.

"Yule daktari amesema kweli," alianza. "Niliona aibu. Nimeiona kila siku tangu siku ile."

Wakili wake akakaa chini.

"Mlango wangu na wa Perpetua inatazamana. Kuta za kule ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, mtu akikohoa unamsikia. Usiku ule nilisikia kitu kikianguka kwake. Kisha nikamsikia akilia. Kisha akaniita."

"Alikuita wewe?" aliuliza Jaji.

"Kwa jina, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa namtengenezea betri yake. Tulikuwa tukisalimiana vizuri. Nilikuwa macho. Niliamka, nikafika mpaka mlangoni, nikashika kitasa. Nikaogopa. Nikajiambia ni mambo ya wapenzi, watapatana. Nikajiambia kuna watu wengi hapa, mwingine atatoka. Nikarudi kitandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani, kama mtoto."

"Na alama ya kiganja?"

"Asubuhi nilisimama mlangoni kwake. Niliweka mkono mlangoni nisikilize. Sikugonga. Nikaenda kazini."

Mwambene alisimama kumhoji. Hakutumia nguvu. "Kwa nini hukuwaambia polisi haya?"

"Ningewaambiaje? Aliniita na sikufungua."

"Uliona afadhali ushtakiwe kwa mauaji?"

Obadia alifikiri. "Niliona ni sawa tu," alisema.

"Majirani zako wote wamesema hawakusikia kitu. Kuta ni zilezile. Wewe peke yako ndiye uliyesikia?"

Obadia aligeuka. Kwa mara ya kwanza aliinua macho, akatazama mabenchi ya nyuma walikokaa watu wa jengo lake, wale waliokuwa wametoa ushahidi wiki iliyotangulia. Hawakuyaangalia macho yake. Mmoja alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba. Mwingine alikuwa akimfunga mtoto wake vifungo vya koti vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Jaji Chamshama aliliona hilo. Aliandika kitu, akakifuta, akasema, "Daktari Kihwele bado yumo ukumbini? Asimame."

Blandina alisimama.

"Kipimo chako ulikifanya kwa mtu mmoja tu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa mshtakiwa."

"Hukuona haja ya kumlinganisha na mtu mwingine aliyelala kwenye jengo lile usiku ule?"

Lilikuwa swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliuliza. "Sikuagizwa, Mheshimiwa."

"Basi sasa nakuagiza. Ghorofa yote ya tatu. Hatashurutishwa mtu, ila atakayekataa atakuja kuniambia sababu yake hapa, mbele yangu."

*

Blandina alikwenda asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika madirisha, akiwa na kisanduku chake na beseni dogo. Mlinzi wa jengo alimpangia kiti koridoni, kati ya mlango wa marehemu uliozungushiwa utepe wa polisi na mlango wa Obadia. Majirani wakatoka mmojammoja, wakavua kiatu.

Kazi yenyewe ilimtaka apige magoti. Aliosha kidole, akakikausha, akakata kipande chembamba cha ukucha, akakitia kwenye kichupa. Huko nyuma kazi hii ilifanywa na wasaidizi wake, huko magerezani. Yeye hakuwahi kukaa chini ya miguu ya mtu akasikia anavyopumua.

Bi. Leokadia Sanga wa chumba cha pembeni alikuja amefunga kilemba. Alipoinama kuvua kiatu, kilemba kililegea, na Blandina akaona kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa.

"Pole, dada. Umefiwa?"

"Hapana." Mama yule alikishika kilemba kwa mikono miwili. "Nilisikia kwamba mnasoma nywele."

"Tunasoma kucha."

Bi. Leokadia alitazama mguu wake kwenye beseni kana kwamba umemsaliti. Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila sauti. "Daktari, nina mabinti wawili. Wanasoma. Na kanisani mimi ndiye ninayewafundisha watoto Jumapili. Usiandike jina langu. Chukua ukucha, ila usiandike jina."

"Lazima niandike, dada."

"Perpetua alikuwa akinichomea sindano mwanangu bure," alisema Bi. Leokadia. "Bure, daktari. Usiku wowote ningemgongea angeamka."

Blandina aliendelea kukata. Alitamani kumwambia neno la kumtuliza, lakini kila alilolifikiria lilikuwa uongo.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kiswaga, mlinzi wa misitu aliyestaafu, aliyeishi peke yake chumba kilichogusana ukuta na cha Perpetua. Alitoka akiwa na fimbo, akavua viatu vyote viwili japo alihitajika kuvua kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu." Akatazama utepe wa polisi. "Walimkamata fundi, eti. Mimi siamini. Lakini mimi sijui kitu."

*

Matokeo yalipotoka, aliyapanga kwenye meza ya maabara, mstari juu ya mstari. Wote walikuwa na mruko ule ule, usiku ule ule. Wa Bi. Leokadia ulizidi hata wa Obadia. Mke na mume wa chumba cha mbele walifanana mpaka kimo. Ghorofa nzima ilikuwa macho usiku ule, kila mtu nyuma ya mlango wake akisubiri mwingine atoke.

Isipokuwa mstari mmoja. Wa Mzee Kiswaga ulikuwa umenyooka.

Mwambene alikuja mwenyewe kuchukua ripoti. Hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na alimwita dada. Aliisimamia meza, akaisoma mistari, na Blandina akaona uso wake ukianguka, kisha ukainuka tena kidole chake kilipofika kwenye ule ulionyooka.

"Huyu," alisema. "Ukuta mmoja na marehemu, na hakuona chochote? Hofu hakuna, aibu hakuna? Jirani yake anachinjwa, yeye moyo umetulia? Dada Blandina, mtu wa namna hiyo ni mtu gani?"

"Ni mtu ambaye mstari wake umenyooka. Zaidi ya hapo sijui."

"Huwezi kusema kwamba unalingana na mtu mwenye moyo mgumu?"

"Unalingana." Alishangaa jinsi neno lile lilivyomtoka kirahisi hata sasa. "Na unalingana na mtu aliyekuwa amelala fofofo. Unalingana na mtu aliyekuwa safarini. Gwamaka, hata ule wa Obadia ulilingana na mambo mia."

"Wiki iliyopita hukusema hivyo."

"Sikusema."

Mwambene alivuta kiti, akakaa. Alizungumza polepole, kama anayemshauri mgonjwa. "Fikiri vizuri. Ukisimama kesho ukasema mashine haijui aibu ni ya nini, si kesi hii tu. Kila mtu uliyemsomea ukucha atakata rufaa. Wengine wamefanya kweli, na wewe unajua. Watatoka. Na hawa majirani, si washtakiwa, umewafikiria? Unakwenda kuwavua nguo mbele ya mji mzima. Ungeweza kuandika kwamba sampuli zimeharibika. Unyevunyevu. Nani atabisha?"

Alipoondoka, Blandina alikaa mbele ya ile mistari. Mwambene alikuwa na hoja, hilo ndilo lililomuuma. Bi. Leokadia angeshindwa kusimama tena mbele ya watoto wa Jumapili. Na kulikuwa na watu gerezani ambao, kwa kadiri alivyojua, walistahili kuwa huko.

Lakini alimkumbuka Jaji akivua miwani na kumuuliza. Alikuwa ameulizwa waziwazi, mbele ya mama wa watu, naye akajibu halipo. Akaandika ripoti jinsi matokeo yalivyokuwa.

*

Aliisoma asubuhi, majina yote. Hakuna aliyeguna safari hii. Watu wa mabenchi ya nyuma walikaa wameinamisha vichwa kama waliokuwa wakinyeshewa mvua. Bi. Editha Mgaya alikuwa amegeuka nyuma, na alimtazama kila mmoja jina lake lilipotajwa.

"Kwa hiyo ukucha wa mshtakiwa unatuambia nini?" aliuliza Jaji.

"Kwamba aliona aibu, Mheshimiwa. Hautuambii kwamba aliua. Hata siku ile ya kwanza haukutuambia. Uliponiuliza kama kuna jambo lingine, lilikuwepo. Nilikuficha."

Jaji alichukua kalamu. "Limeandikwa," alisema.

Mwambene alisimama kuuliza kuhusu mstari ulionyooka. Kabla hajamaliza, Mzee Kiswaga, aliyekuwa ameambiwa na jirani kwamba anatajwa, alisimama akigusa sikio lake.

"Mimi nikilala natoa hiki kifaa," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake. "Bila hiki sisikii hata radi. Waulizeni watoto wangu." Akamgeukia Bi. Editha. "Mama, mimi ningesikia, ningetoka. Nina fimbo. Ningetoka."

Hakukusudia kumsuta mtu. Lakini mume wa chumba cha mbele aliinuka, akataka kwenda nje, akautazama mlango, akakaa tena.

Mchana ule Jaji aliihamishia mahakama kwenye jengo. Alitaka kuhakikisha kwa masikio yake mwenyewe. Aliamuru kila jirani aingie chumbani kwake na kufunga mlango. Karani angeingia chumba cha marehemu, afunge, aite, kisha kila mmoja angeulizwa amesikia nini. Obadia alisimama koridoni na askari wake, pingu mkononi. Blandina alisimama karibu na Jaji.

Karani aliinua utepe. Bi. Editha akamshika bega.

"Niachie mimi, baba," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Karani alimtazama Jaji. Kisha akampisha. Mama akaingia, mlango ukafungwa.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha sauti ikatoka kule ndani, ikapita ukutani kana kwamba hakuna ukuta.

"Perpetua! Perpetua, mwanangu! Jamani, hakuna mtu? Jamani!"

Kitasa cha Bi. Leokadia ndicho kilichogeuka kwanza. Alitoka bila kilemba, akikimbia. Mlango wa mbele ukafunguka, mke akatoka, mume nyuma yake. Ukafunguka mwingine, na mwingine. Hakuna aliyewaambia watoke. Walisongamana mbele ya mlango ule wenye utepe, na walipofika hapo hawakujua la kufanya, wakasimama. Obadia alikuwa ameinua mikono yote miwili yenye pingu kuelekea kwenye kitasa, na askari alikuwa amesahau kumzuia.

Bi. Editha alifungua mwenyewe. Aliwatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe inasikika," alisema.

Bi. Leokadia alianguka chini kwenye sakafu ya korido. "Alimtaja," alisema. "Alisema, 'Yoramu, niache.' Mara mbili. Nilimsikia, mama, nilimsikia, nikanyamaza kwa sababu ningeulizwa kwa nini sikutoka."

"Niliona mtu akinawa kwenye bomba la uani," alisema yule mume, kwa sauti ya chini sana. "Dirishani. Alivaa koti la njano. Aliacha bomba wazi."

"Pikipiki ya umeme," alisema mkewe. "Ilikuwa na tairi linalopiga kelele. Iliteremka kwenda stendi."

Wengine nao wakasema, kila mmoja kipande chake, vipande ambavyo kila mmoja alikuwa amevikalia miezi yote ile. Karani aliandika mpaka akahitaji kuketi ngazini. Yoramu alikuwa mchumba ambaye Perpetua alikuwa amemwacha. Polisi walimhoji mara moja, akasema alikuwa bondeni, na hakuna aliyekuwa na neno la kumpinga.

*

Yoramu alikamatwa kabla mwezi haujaisha. Koti lilikuwa limefuliwa, lakini si vizuri, na tairi lilikuwa bado linapiga kelele. Alikiri bila kupimwa kitu.

Siku Obadia alipoachiwa, Jaji Chamshama alisoma hukumu fupi. Alisema kipimo cha ukucha kisitumike tena mbele yake kumwonyesha mtu kuwa ameua, na kwamba sheria haina adhabu kwa wasiofungua mlango. Aliposoma sentensi hiyo alisita, kana kwamba angependa kuongeza neno, lakini hakuliongeza.

Obadia alitoka kwa mlango wa pembeni, mwenyewe, na hakwenda kwa waliokuwa wakimsubiri kumpongeza. Blandina alimwona akipotelea kwenye ukungu, mikono mfukoni.

Bi. Editha alikuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama, akisubiri gari la kumrudisha kijijini. Blandina alikwenda, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mama alimtazama usoni. Alikuwa mwanamke aliyechoka, na alionekana kupima kama swali alilotaka kuuliza lina faida. "Siku ile ya kwanza," alisema mwishowe, "ulikuwa unajua kwamba mashine haijui?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na Jaji alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Bi. Editha alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Ni kama mtu anayesikia tena habari aliyokwisha kuizoea. "Wapo wengine uliowasemea hivyo? Waliofungwa?"

"Wapo."

"Basi mimi usiniombe radhi kwanza," alisema mama. "Nenda kwao."

Gari lilifika, na wapwa zake wakamshika mikono kumpandisha. Hakugeuka nyuma. Blandina alisimama pale mpaka gari lilipokata kona. Kisha akapanda zile ngazi tena, akaenda mpaka dirisha la masijala, akamwambia karani kwamba anataka kila faili lenye ripoti iliyosainiwa kwa jina lake, kuanzia la zamani kuliko yote.

"Yote, daktari?" aliuliza karani. "Ni mengi."

"Najua," alisema. "Nipe la kwanza."